Mtaji wa Chai ya Mombo

Jumanne, Kerenge

Korogwe nzima hakuna tajiri kama mimi, ila fedha tu ndiyo haijafika.

Leo nimemwomba mjomba anidhamini kwa ushirika wa kijiji, nikopeshwe birika na vikombe, nikauze chai Mombo.

"Mtaji wa kwanza uko wapi? Yule mbuzi aliyekupa bibi yako?"

"Biashara ina ajali zake, mjomba."

"Wewe hata kuku hakukopeshi yai!"

Bibi akadakia kutoka jikoni: "Mwache. Mbuzi alipotea njiani. Mjukuu wangu hawezi kuniongopea."

Mjomba amekataa. Nimebaki kuyatamani yale mabasi ya Lushoto, abiria wakiniita dirishani, "Chai, kijana!" Nami ningewaringia kidogo, halafu...

Mbuzi hakupotea. Nilimuuza, nikanunua suruali ya bugaluu, na bibi ndiye aliyenisifu kwamba nimependeza.