Nilimwambia Nesi Kiuno Kimepoa

Kwako mdogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu,

Pokea salamu zangu, nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. U hali gani? Na yule shemeji yangu, bado anakoroma mpaka majirani wanaamka? Wajukuu je? Yule aliyeng'oka meno ya mbele mwambie bibi yake huku naye hana, asijione wa pekee. Sisi tunapumua. Mwanangu yuko kazini kwake, na mkwe wangu ni mzima, mdomo wake uko palepale ulipouacha. Mwandiko wangu utauvumilia. Darasa sikukanyaga, unajua, herufi nilizijulia kwenye kudarizi majina ya wanafunzi kwenye sare zao, ndiyo maana naandika polepole kama navuta uzi.

Uliponipigia simu ukasema umefurahi kusikia nimepona, na kwamba na wewe sasa unataka kwenda kuchomwa zile sindano za mgongo, nilikujibu ovyo. Mkwe alikuwa amesimama pembeni yangu. Sasa kaa kitako nikueleze.

Kiuno changu unakijua. Cherehani ya kukanyaga imenila. Maumivu yanaanzia kulia, yanashuka kwenye nyonga, na kila nikikanyaga ni kama mtu ananibandika pasi ya moto. Vidonge vimeniharibu tumbo. Dawa ya kuchua imeninukisha mpaka paka kahama kitanda. Ndipo mwanangu akanipeleka kwa daktari wa maumivu. Usishangae, siku hizi yupo wa maumivu peke yake.

Ni kijana mpole, ananiita mama, na mikono yake ni laini kama ya bibi harusi. Akanieleza kwamba mgongoni kuna viungo vidogovidogo, na kila kiungo kina mishipa ya fahamu inayopeleka habari ya maumivu kichwani. Hakujua ni ipi inayonitesa. Kwa hiyo kwanza angeitia ganzi ya sehemu moja tu, huku anaitazama kwenye picha, halafu mimi nikafanye lile linaloniuma. Likiacha kuuma, mishipa ni hiyo, ataichoma kwa joto la sindano inyamaze kwa muda mrefu. Lisipoacha, atatafuta pengine, kama fundi umeme anavyozima swichi mojamoja aone taa ipi imezimika. Aliniuliza kama nimeelewa. Nikamwambia mimi si gogo.

Wakanilaza kifudifudi, wakanipaka dawa ya baridi mpaka nikamwuliza nesi kama nia yao ni kunigandisha. Mashine ya picha ina mkono mkubwa uliopinda, ukanizunguka kama unataka kunikumbatia. Nikageuza kichwa, nikaiona mifupa yangu mwenyewe kwenye kioo cha mashine, mdogo wangu, na sindano nyembamba inapita katikati yake, daktari anaisogeza kidogo, anatazama, anaisogeza tena. Nikasema moyoni huyu ni fundi mwenzangu. Nilipoinuka akanikanya nisithubutu kupumzika. Nifike nyumbani nikae kwenye cherehani nikanyage, maana ganzi haikai sana.

Nafika nyumbani, mkwe ameshatandika kitanda. Akasema hajaona mtu aliyechomwa sindano ya mgongo anakwenda kukanyaga cherehani, au nataka kupooza ili yeye ndiye anibebe chooni? Nikamwambia ni agizo la daktari. Akajibu kwamba daktari haishi humu. Akaifunika cherehani kwa shuka, kiti changu akakikalia yeye. Mwanangu naye akamuunga mkono mkewe, jambo ambalo sijawahi kuliona tangu waoane. Nikalala. Na nisikufiche, nilipenda kubembelezwa.

Jioni nesi akapiga simu kuuliza maumivu yamepungua kiasi gani. Nimelala chali, mto chini ya magoti. Nani anaumwa akiwa hivyo? Hata kabla ya sindano, nikilala hivyo siumwi. Nikamwambia kimepoa. Akauliza, na kwenye cherehani je? Nikasema nimekanyaga mpaka nimechoka, kimepoa kabisa. Mkwe akapiga vigelegele, nesi akasikia kulekule aliko, akacheka.

Kwa nini nilisema hivyo? Kwenye benchi la hospitali, mama mmoja mwenye fimbo alikuwa ameninong'oneza kwamba ukisema bado kinauma unarudishwa kwenye vidonge na mlango unafungwa. Sijui alilitoa wapi. Mimi nikaogopa mlango. Daktari akataka kuhakikisha, akarudia jaribio, mkwe akarudia shuka, nami nikarudia uongo. Basi kijana wa watu akachoma mishipa niliyomchagulia mimi nikiwa kitandani.

Sijapona, mdogo wangu. Waliniambia nisubiri wiki chache, zimepita, na zilizofuata zimepita. Maumivu yako palepale, hayakusogea hata kidole kimoja. Hakuna anayejua. Watu wanapita dirishani wanasema bibi siku hizi ana furaha, anashona huku anaimba. Naimba ili nisipige yowe. Nikimaliza vazi moja, nashika ukuta nasubiri miguu inikubali. Juzi tulimzika jirani yetu, na wenzangu wakilia, mimi nilikuwa namtazama kwa wivu, kwamba yeye ndiyo kalala hivyo, hakuna wa kumwambia ageuke. Niliporudi nyumbani nilijiogopa.

Nilikwenda kuangaliwa nikiwa nimeazimia kusema. Daktari akanipokea kwa mikono miwili, akamwonyesha nesi jinsi mama alivyosimama wima. Nikamshukuru. Halafu nikatoka, na kwenye benchi yule mama mwenye fimbo akaniuliza kama kweli inasaidia, nami nikamwambia inasaidia.

Kwa hiyo nisikilize. Wewe nenda, usiache kwa ajili yangu. Sindano haikunikosea, mimi ndiye niliyeidanganya. Ila wakikuambia ukafanye linalokuuma, inama ufue, beba ndoo, hata kama nyumba nzima inakushika miguu. Likiuma sema linauma.

Na kabla hujaenda kwa daktari wako, njoo kwangu. Nimeitwa tena hospitali mwezi ujao. Mwanangu nikimchukua nitadanganya ili asivunjike moyo. Mkwe nikimchukua nitadanganya ili asijilaumu. Wewe ukiwepo sitaweza. Tangu utotoni nikisema uongo nyusi yangu ya kushoto inapanda, na ni wewe peke yako uliyegundua, ukawa unacheka mpaka mama anajua. Njoo ukae kwenye kile chumba cha daktari, unitazame usoni. Nikianza kumshukuru, cheka. Cheka kwa nguvu mpaka aulize kuna nini, halafu usinisaidie kujibu.

Nisalimie shemeji, na wajukuu wote uwabane mashavu kwa niaba yangu. Mkwe anakusalimu, hajui nimeandika nini. Usipige simu kunijibu. Panda gari tu uje.

Ni mimi dada yako,
Bibi Cherehani