Kuku wa Ndungu na Klachi ya Trekta

Silanga, Kibra,
Nairobi.
Jumamosi, 17 Februari 1951

Mpendwa ndugu yangu Abdelkarim,

Assalam aleikum. Natumaini barua hii inakukuta huko Bombo ukiwa mzima, pamoja na mama yetu Sitelbanat na wote wanaolala chini ya paa lako. Goti la mama linaendeleaje? Mwambie ile shali aliyoagiza imepatikana, nitampa mtu wa kwanza anayepanda gari la moshi kuja huko.

Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mke wangu Fatna kikohozi kimemwacha, ulimi bado. Siku hizi anagombana na nguchiro, anasema wamemzoea na wanambebea kuku mmoja mmoja. Jua ni kali, vumbi limeingia hadi kwenye sufuria, na kila mtu anatazama upande wa Ngong kutafuta wingu.

Haya, msomee mama mpaka hapo. Kisha ukunje karatasi umwambie kwamba mimi Murjan niliishiwa na wino. Yaliyobaki yasome ukiwa peke yako, tafadhali sana.

Ni habari ya trekta. Unajua tulivyokubaliana: uliuza ng'ombe wa mama, ukaniletea fedha ninunue trekta kuukuu, tulime shamba letu la hapa Silanga kabla ya masika, tukimaliza tuwalimie na majirani. Shamba limelala tangu maksai wetu walipokufa. Huku watu wananong'ona kwamba shamba linalolala litasemwa halina mwenyewe, maana sisi hatuna hati, tunakaa kwa ruhusa tu. Mama alikubali kuwatoa ng'ombe wake kwa ajili hiyo. Nikinunua chuma kibovu, ng'ombe wamekwenda na shamba nalo linawafuata.

Mwanao Hamdan, ambaye nakaa naye hapa kwangu, ndiye aliyekuja na habari ya trekta, na bei alikuwa amekwisha kuizungumza yeye. Mwenyewe ni Ndungu, Mkristo wa Kawangware, mwenye shamba la urithi linaloteremka hadi mtoni. Trekta alilinunua kwa mzungu mmoja aliyerudi kwao. Anasema shamba lake ni jembamba, trekta halina pa kugeukia. Nilipoambiwa hivyo nikajiuliza: siku analinunua, shamba lilikuwa pana?

Ndiyo, najua. Fatna anasema mimi hata nikisalimiwa najiuliza mtu anataka nini. Lakini niliendesha lori la jeshi vitani Burma, nikajifunza kwamba rangi ya chuma haiendi safari. Mimi naanza na klachi. Klachi ndiyo inayoshika nguvu ya injini na kuipeleka kwenye magurudumu. Sahani yake ya ndani ikilika, injini itapiga kelele na magurudumu yatazubaa.

Siku ya kwanza tulikwenda mimi na Hamdan, ila yeye alitangulia asubuhi. Nikaikanyaga pedali polepole kabla hatujawasha. Baada ya kuwasha, nikaiachia kidogo kidogo nione inashikia wapi. Ilishikia juu kabisa, mguu ukikaribia kutoka. Hiyo haikunipendeza. Nikatia gia kubwa, nikakaza breki, nikaiachia klachi. Klachi nzima ukiifanyia hivyo, injini inazimika palepale. Ikazimika. Ndungu akatabasamu, na tabasamu lenyewe sikulipenda.

Maana injini ilikuwa baridi, Abdelkarim. Klachi iliyochoka ni mwongo wa asubuhi: ikiwa baridi inashika, ikipata moto inateleza. Nikasema tufunge plau, tupande kutoka mtoni mpaka juu, lipate moto, nilipime tena. Hata plau haijafungwa, Muthoni, mke wa Ndungu, akaita: chakula tayari.

Kilikuwa kuku, tena wa halali. Hamdan alikuwa ametangulia ili amchinje mwenyewe kwa Bismillahi. Sasa Mkristo amekuwekea kuku, amengoja kisu cha Mwislamu ili ule bila wasiwasi, utasema huli? Ungeniambia nimelitukana jina letu. Nikala. Tukanywa chai, tukazungumza habari za mvua. Tulipoinuka trekta limepoa na adhuhuri imeingia.

Mara ya pili mambo yakawa yale yale. Hamdan alitangulia. Plau tulifunga, tukavuta mfuo mmoja, nikaanza kusikia injini inapandisha sauti bila mwendo kuongezeka. Nikasema, aha! Papo hapo Muthoni akaita, na kuku mwingine yuko mezani. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa naliomba hilo jembe tangu siku ya kwanza, napewa paja.

Njiani tulipofika Toi nikamwambia Hamdan, "Huyu Ndungu ni mwizi. Mtu mwenye watoto wote wale hachinji kuku ovyo. Ananilisha ili trekta lipoe."

Akacheka sana. "Baba mkubwa, wewe hata malaika akikuletea maji utamwuliza ameyachota wapi. Toa pesa, masika hayo."

Nikakaa nikalifikiri jambo hilo mpaka nikapata dawa yake. Juzi Alhamisi nilifunga. Ni sunna, nayo ina thawabu, na Mungu anisamehe ikiwa nia yangu ilikuwa na klachi ndani yake. Mtu aliyefunga hawezi kuwekewa kuku. Hamdan alikuwa amekwenda mjini, sikumwambia kitu. Nikashika njia ya Kawangware peke yangu.

Ndungu alishangaa kuniona. "Mzee Murjan, Hamdan ako wapi? Leo hakuna mtu ya kuchinja."

"Leo nimefunga," nikamwambia. "Lete trekta."

Wala hakukataa. Tukafunga plau, nikapanda kitini mwenyewe, nikalima kutoka mtoni hadi juu, nikashuka, nikapanda tena. Mara ya kwanza lilivuta vizuri. Tulivyozidi kupanda, injini ikawa inalia kama mbuzi wa Idi na magurudumu yanajivuta. Harufu ikatoka chini, ile ya kitambaa kilichoangukia motoni. Kule juu nikatia gia kubwa, nikakaza breki, nikaiachia klachi. Injini haikuzimika. Ilinguruma tu, na trekta limesimama.

Nikashuka. Maneno nilikuwa nimeyapanga tangu Toi, makali, mengine ya kambini. Ndungu akanitangulia.

"Si ni hiyo klachi? Hiyo mimi nilionyesha Hamdan siku ya kwanza kabisa. Ndio nikapunguza bei, mweke ingine mpya. Kwani hakukuambia?"

Nikamwuliza bei ni ngapi. Akaitaja. Haikuwa bei niliyoambiwa nyumbani, ndugu yangu. Ilikuwa chini, chini sana.

Mate yalinikauka, wala si kwa saumu. Nikamwuliza na kuku je, kwa nini kila nikitaka kulima nawekewa kuku? Akanitazama kama mtu asiyejua kama anataniwa. "Hamdan alisema ninyi mgeni asipokula mapema ameona matusi. Akasema tena nisikuongeleshe mambo ya klachi, ati unajua yote na hutaki kuambiwa. Mimi nilifikiri ni desturi yenu. Na kuku si yangu. Anakuja nayo mwenyewe."

"Kuku wa namna gani?"

"Ya kwanza ilikuwa nyekundu, shingo haina manyoya. Ya pili ile ya madoadoa."

Abdelkarim, yule mwekundu wa shingo tupu alikuwa kipenzi cha Fatna. Mimi ndiye niliyekula paja lake, nikalisifu.

Ndungu nilimshika mkono, nikamwomba aningoje. Sikumwambia nilivyokuwa nikimwita, na nilipokuwa narudi niliona haya kupita pale Toi. Kwa yale niliyoyaona, trekta lenyewe ni zima ukiacha hiyo sahani. Tukilinunua kwa bei yake ya kweli, fedha za mama zinatosha na klachi mpya inapatikana, na shamba litalimwa masika haya. Fedha zote ninazo, Hamdan hajagusa hata senti. Hilo mshukuru Mungu.

Lakini nimeumia. Miaka yote mnanicheka kwamba siamini mtu, na kweli nilimchunguza mgeni mpaka nikafunga saumu. Yule anayelala chumba cha pili sikumchunguza hata kidogo. Sijui alizitakia nini hizo pesa alizoziongeza juu ya bei. Angekuja kuniomba ningemtukana kwanza, halafu ningempa.

Sijamwambia kitu. Fatna pia hajui, bado anategea nguchiro mtego. Wewe ndiwe baba yake, kwa hiyo nijibu upesi: nimkalishe mimi, au unakuja mwenyewe? Mimi naomba uje. Nikimsemesha peke yangu nitasema neno ambalo baadaye sitaweza kulirudisha. Na mama asijue. Aliwatoa wale ng'ombe huku akisema mjukuu wake Hamdan ndiye atakayeliendesha hilo trekta.

Nisalimie shemeji na watoto, na dada yetu Mabruka akifika hapo. Fatna anawasalimu nyote. Mungu amponye mama goti, na atufikishe masika tukiwa bado tunaitana ndugu.

Hamdan amepita hapa mlangoni sasa hivi, ameniona naandika. Ameuliza kama ni barua ya kwa baba yake, nikamjibu ndiyo. Anakusalimu sana, na anamsalimu bibi yake, anasema asiwe na wasiwasi, trekta liko karibu.

Hizo salamu zake msomee mama.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata kwa habari kama hizi,

Murjan