Kadi Mbili za Picha na Lori la Perpetua

Jumamosi, alasiri. Matayos.

Mvua ya tangu alfajiri imetulia, lakini mabati bado yanadondosha maji na nimelazimika kuvaa sweta. Niwieni radhi, wasomaji wangu, kwa kimya changu cha muda mrefu. Sikuwa na neno lililostahili kuandikwa. Leo ninalo, ingawa linahusu kompyuta, na ninafahamu kwamba wengi wenu hamji hapa kwa ajili ya kompyuta.

Marehemu mke wangu, Perpetua, alikuwa na lori.

Lilikuwa lori la ndani ya mchezo. Binti yetu Nabwire, ambaye huchora ramani za majengo huko Nakuru, aliponunua mashine mpya alituletea ile aliyokuwa akiitumia: laptop ya michezo, nzito, yenye taa nyekundu chini ya vibonye na feni inayovuma kama kinu cha kusagia mahindi. Aliileta ili niandikie blogu hii. Mama yake aliugundua mchezo wa malori humo ndani, na tangu siku hiyo mimi nikawa mtu wa kuomba zamu ya kuandika.

Katika ujana wake Perpetua aliuza chai na chapati Malaba, kwa madereva waliokaa foleni wakingoja kuvuka kuingia Uganda. Mimi nilikuwa karani wa wakala wa forodha, na nilikunywa chai nyingi kuliko kiu yangu. Aliwatambua madereva kwa mlio wa gia zao kabla hajawaona. Yeye mwenyewe hakuwahi kuendesha hata baiskeli. Uzeeni, miguu ilipovimba na daktari akamwamuru akae, ndipo alipoendesha.

Nilikaa kando yake juu ya stuli, kama utingo wa lori. "Tanboi, angalia nyuma!" aliniamuru, nami, mzee wa kanisa, nikageuka kweli nikautazama ukuta. Alisimama kwenye kila mizani, hata pale ambapo mchezo haukumdai asimame. Akipita kibanda cha chakula alipiga honi, ili mama wa pale ajue kuna mteja.

Ugonjwa ulipomzidi, alilisimamisha lori kando ya barabara, mzigo wa mbao ukiwa juu, akazima injini. Hakulirudia.

Siku ya kugawa vitu vyake, mdogo wake Akisa, wa Angurai, alipewa leso na sufuria kubwa. Laptop haikugawanywa kwa sababu kila mtu alidhani ni yangu. Wiki hii Akisa akanipigia simu. "Shemeji, dada alikuwa ananiambia ako na lori. Mbona mlinificha? Nakuja Jumamosi niione." Kwa desturi yetu mdogo wa marehemu hazuiliwi kuona alichoacha dada yake. Nikamwambia karibu.

Nilikuwa sijaufungua mchezo huo tangu mazishi. Nilipoufungua, lori lilitokea likitetemeka, barabara imekatika vipande, anga nyeusi. Nabwire akaniambia kwamba huenda draiva ya picha imezeeka, yaani ile programu inayoiongoza kadi ya picha. Nitafute nyingine.

Hapo ndipo nilipokosea, na ninaona haya kulieleza.

Katika orodha ya vifaa vya mashine nilikuta kadi mbili za picha, ilhali kioo ni kimoja. Maisha yangu yote ya kazi nilizoea kwamba mzigo mmoja ukiandikishwa mara mbili, andikisho moja ni la uongo, na usipoliondoa lori litazuiliwa mpakani. Basi nikaiondoa ile iliyoonekana ndogo, pamoja na draiva yake, kwa moyo safi kabisa.

Herufi zikawa kubwa kama za ubao wa darasa la kwanza. Mchezo ukakataa kufunguka.

Fundi mmoja mjini Busia, bwana mwenye adabu, alinishauri mashine ifutwe yote ianze upya. Nilimwuliza kama lori litabaki.

"Mzee, si hiyo ni game tu? Utaanza ingine."

Nilimshukuru, nikaifunga laptop ndani ya taulo, nikarudi nyumbani. Simlaumu. Hakumjua Perpetua.

Jana nikampigia Nabwire na kumwungamia yote.

"Baba, uliondoa gani?"

"Ile ndogo. Nilidhani imeandikishwa mara mbili."

"Wueh! Baba, hapo si Malaba. Hakuna magendo kwa laptop!" Alicheka hadi nami nikacheka. Kisha akauliza, "Lori ya mama iko?"

"Sijui, mwanangu."

Alinieleza polepole, kama nilivyokuwa nikimweleza yeye hesabu. Laptop za namna hii huwa na kadi mbili: ndogo ya kazi nyepesi, ili betri idumu, na kubwa ya michezo. Katika mashine yetu kadi kubwa huchora picha, kisha huipitishia ndogo, kwa maana ndogo ndiyo iliyounganishwa na kioo. Nilikuwa nimeifukuza iliyobeba picha hadi machoni pangu.

Nikamwambia kwamba nimeona draiva mpya kabisa, iliyotoka juzi. "Usichukue eti kwa sababu ni mpya, Baba. Geuza laptop, usome modeli hapo chini, uchukue zile waliweka za hiyo modeli. Ndogo kwanza. Uzime, uwashe, halafu kubwa. Na ikikuuliza kama ifute kitu, kataa."

"Nikatae kwa lugha gani?"

"Bonyeza tu No, Baba!"

Nilisoma modeli kwa miwani mbili, moja juu ya nyingine. Nikachagua zile za zamani zilizoandaliwa kwa mashine yetu. Ndogo iliingia bila neno, na herufi zikarudi kimo chake. Katikati ya kuiweka kubwa, kioo kikazimika chote. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba huwa hivyo. Nilisimama wima kando ya meza, mikono nyuma, kama mtu anayesubiri daktari atoke chumbani.

Kikawaka.

Lori lilikuwepo. Limetulia kando ya barabara, mbao juu, nyasi zikipepea.

Akisa amefika leo asubuhi, amelowa, amebeba kuku. Hakutaka chai kwanza. Aliketi mbele ya kioo akatazama kwa muda. "Kumbe ilikuwa ukweli." Halafu akanigeukia. "Shemeji, hii mbao inakaa hapa mpaka lini? Mwenye mali analia huko."

Nilitaka kumweleza kwamba hakuna mwenye mali. Badala yake nilimwonyesha kibonye cha kuwasha injini.

Ameendesha vibaya sana. Amepanda ukingo wa barabara, ameng'oa kibao, ameigombeza mashine kwa Kiteso. Lakini mbao zimefika.

Mashine ikauliza kama ihifadhi safari hii juu ya ile ya zamani. Nilikuwa nimehangaika juma zima ili mahali pale alipoegesha Perpetua pasifutwe. Akisa alinitazama bila mzaha. "Sema wewe, shemeji."

Nikabonyeza ndiyo.

Sasa ameshapanda boda kurudi Angurai kabla mvua haijaanza tena. Lori limesimama ghalani, tupu. Mchezo umenipa mizigo ya kuchagua: saruji, maziwa, plau za trekta. Perpetua alipenda mbao kwa kuwa hazimwagiki. Mimi sijawahi kukikalia kiti cha dereva.

Kesho nikitoka kanisani nitajaribu maziwa.