Kivuli Kilipita Kwenu Pia

Kwa Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe, shemeji na mwanangu Bosi. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua. Sisi hapa ni wazima. Mtoto ameota meno mawili ya juu na sasa anauma chochote kinachomsogelea, hata mpini wa ufagio wangu. Akiona picha ya baba yake ukutani anaipungia mkono, yeye ambaye alizaliwa baba keshasafiri. Nani kamfundisha, sijui.

Kazi yangu ya usafi pale shuleni inaendelea. Mwalimu wa sayansi unamkumbuka, yule wa maneno mengi. Ukipiga deki darasani kwake hutoki bila kufundishwa. Kabla ya jua kupatwa alikuwa akiwaandaa wanafunzi. Aliwasha taa katikati ya meza, akachukua mpira akauinamisha kidogo, akawa anauzungusha kuizunguka ile taa. Akasema dunia imelala upande hivyo hivyo mwaka mzima, haijinyooshi. Ikiwa upande huu wa jua, kichwa ndicho kinachoota joto na miguu inapigwa na baridi. Ikifika upande wa pili mambo yanageuka, na hayo ndiyo majira. Nikamuuliza, ndoo mkononi, je kule kusini kabisa alikokwenda mume wangu kutafuta kazi, Desemba hali ikoje. Akasema Desemba kule ni joto, watu wanatembea na kaptula.

Dada, nilicheka, nikadhani mwalimu kakosea. Maana Desemba iliyopita mume wangu alinisimulia kwa simu jinsi alivyovaa masweta mawili na theluji imemfika magotini. Nikamtetea moyoni. Nikasema labda baridi ya ugenini haina kalenda.

Nikauliza na habari za mwezi, kwa sababu kila ukiwa mpevu mume wangu hunipigia tukautazama pamoja. Mwalimu akasema mwezi hauna mwanga wake, unaazima wa jua. Unatuzunguka, nasi tunauona upande uliomulikwa kidogo kidogo mpaka ujae, na ukijaa umejaa kwa dunia nzima. Nikafurahi. Nikaona hapo angalau mume wangu ni mkweli.

Halafu akashika gololi, akaiweka kati ya taa na mpira. Kivuli chake kilikuwa doa tu. Gololi ikisogea, doa nalo linatambaa juu ya mpira, linachora mstari mwembamba. Akasema wanaopitiwa na doa lile ndio watakaoona giza kamili. Wengine wote wataendelea kuanika nguo zao. Akatuonyesha mstari wenyewe kwenye ramani. Unapita kwetu, unapita kwenu, unaishia baharini. Kule kusini haukaribii hata kwa mbali.

Siku yenyewe nilikuwa uwanjani na wanafunzi, mtoto mgongoni. Mwanga ulinywea kama taa inayoishiwa mafuta, upepo ukawa wa baridi, na mara jua likazibwa kabisa. Nikampigia mume wangu. Nilimwonea huruma kwamba yupo mbali na jambo kubwa namna ile. Akapokea anahema, akasema hata hapa giza, mke wangu, kuku wameingia bandani, nyota zimetoka. Aliyasema kwa furaha kama mtoto, wala hakujua amesema nini. Nami sikuelewa papo hapo. Ndipo nyuma yake mwanamke akapaza sauti, akamwambia Bosi ashushe macho, jua likichomoza tena litampofua.

Ilikuwa sauti yako, Dada.

Simu ikakatika, ikazimwa. Kesho yake akapiga mwenyewe, akayamwaga yote. Akasema wakala wa kazi aliwatelekeza, yeye na wenzake, uwanja wa ndege, akaona aibu kurudi kwenye mtaa uliomuaga kwa makofi, akaja kwako, na shemeji akampa kazi ya kuchomelea milango karakanani. Theluji aliitunga. Aibu yake nimeielewa, ingawa kuimeza bado.

Yeye aliona aibu. Wewe uliona nini? Mtoto alipolazwa kwa homa ulikuja, ukanishika mkono pale wodini, ukanifuta machozi kwa upindo wa gauni lako, ukaniambia nizidi kumwombea mume wangu huko mbali aliko. Asubuhi ile ile ulikuwa umemwachia chai mezani. Nimekuwa nikisema kikulacho ki nguoni mwako kama watu wanavyosema tu. Sikujua nguo yenyewe ndiyo ile niliyofutiwa machozi.

Sitakuja kwenu kumfuata. Mwambie aje mwenyewe, mchana, majirani wakiwa nje wanafua, agonge mlango. Wakimcheka nitasimama pale pamoja naye. Mwanawe hamjui ila kwa picha, na bado hajajifunza kumkasirikia mtu, kwa hiyo wakati ndio huu. Mimi nimejifunza, lakini mlango nitaufungua.

Wewe, Dada, usimsindikize. Siku nikiweza kukutazama usoni nitakuita mimi. Leo siwezi.

Msalimu shemeji, na umwambie naye nina neno naye. Mbusu Bosi, hana kosa. Mtoto anakusalimu, mama yake mkubwa.

Ni mimi mdogo wako,
uliyembeba mgongoni.