Gesi Imeisha na Ouma Hayuko

Jumapili. Saa nane mvua ya mawe imepiga majani chai ya upande wa juu mpaka shamba inanuka kama mboga imekatwakatwa. Saa hii ni ukungu na baridi.

Nimemkosea Ouma. Naandika hiyo kwanza kabla sijaanza kuzungukazunguka, kwa sababu najijua. Nilimwita mwizi mbele ya watu na yeye si mwizi. Na si ati nilikosea tu.

Nilidanganya.

Kitambaa iko hapa kwa meza karibu na taa. Ni fulana yangu ya zamani, ile napangusia injini. Imekuwa ngumu kama ngozi ya mbuzi imekaushwa. Inanuka mafuta ya taa, na chini ya hiyo kuna harufu ingine, tamutamu hivi, ya kuchefua roho. Mke wangu, Mama Chebet, ameniambia niitoe mahali watu wanakula. Nimemwambia aiwache ikae. Nataka initapishe.

Mimi ni dereva wa meneja wa kiwanda ya chai. Gari ni Peugeot nyeupe, nzee sana, lakini ina AC. Sasa hapa kwetu AC ni ya nini? Watu wanavaa koti Januari. Lakini kila mwezi meneja anateremka Kisumu kwa mkutano, na ukishafika Ahero ile joto inakupiga uso kama umefungua mlango ya jiko. Meneja ni mtu mnene, wa suti na tai. Bila AC anafika kama ametolewa kwa mto.

Mwaka huu gesi ya AC ilianza kupotea. Inawekwa, inafanya kazi, wiki tatu hivi imeisha. Na ni ile gesi ya zamani, wanasema inaharibu hewa ya huko juu, sasa imekuwa ngumu kupata. Mtungi ya mwisho ilifungiwa kwa stoo kama dawa ya hospitali.

Ouma ndiye fundi wetu. Alitoka upande wa ziwa akiwa kijana, akaajiriwa gereji ya kiwanda, akaoa, watoto wake wanne wamezaliwa hapa kwa nyumba za kampuni. Alitafuta hiyo gesi inatorokea wapi kama mama anatafuta chawa kwa kichwa ya mtoto. Alipaka povu ya sabuni kwa kila pipe, kila mahali imeungwa, akaweka jicho hapo akingoja hata tone moja ipumue. Hakuna. Alibadilisha zile raba ndogo za maungio. Aliingiza kichwa chini ya dashibodi akanusa kama mbwa. Hakuna.

Halafu siku moja akaniita nyuma ya gereji.

"Baba Chebet, mimi nafikiria ni raba ya kompresa, ile pampu ya gesi, hapa mbele penye pulley ya mkanda inazunguka. Nyinyi huku juu hamwashi AC. Raba inakaa bila mafuta inakauka, gesi inapita polepole. Na povu haiwezi kuonyesha kama injini imezimwa."

"Sasa?"

"Sasa nisaidie vitu mbili. Washa AC dakika kumi kila wiki, hata kama ni baridi. Na usioshe injini mwezi moja. Gesi ikitoroka inabeba mafuta kidogo, na mafuta inashika vumbi. Hiyo uchafu ndio itatuambia."

Nilimwangalia kama ametukana mama yangu. Nikamwambia, "Mimi niendeshe meneja na injini chafu? Wewe umezoea trekta."

Akacheka. "Haya basi, endelea kuibatiza kila Jumamosi. Siku moja itaanza kutoa sadaka."

Nilicheka pia, lakini iliniuma. Mimi niliachia darasa la saba. Sina cheti ya kitu yoyote. Kitu watu wananisifia nayo ni hiyo injini. Wageni wa kampuni wakija, meneja anafungua boneti awaonyeshe, anasema, "Angalia, unaweza kula ugali hapa juu." Miaka kumi na moja nimekula hiyo sifa. Kila Jumamosi mchana, mafuta ya taa, brashi, fulana, mpaka chuma inang'aa, ndio Jumapili tuende kanisa na roho safi. Roho safi!

Na hapo mbele ya kompresa kila Jumamosi kulikuwa na mafuta kidogo, ya rangi kama ya kijani. Nilikuwa naiona.

Kila Jumamosi nilikuwa naiona, na nilikuwa naipanguza.

AC sikuwasha hata siku moja. Niwashe baridi hapa Kericho, watu waseme nimeanza kuchanganyikiwa?

Gesi ya mara ya tatu iliisha siku meneja anapeleka wageni Kisumu. Walifika shati imeshika mgongo, wageni wanajipepea na magazeti. Kesho yake saa moja asubuhi meneja akakuja gereji mwenyewe, wakati tunaitwa majina. Madereva wote walikuwa, mafundi wote, hata karani wa stoo. Akamuuliza Ouma gesi iko wapi. Ouma akaeleza ile mambo ya raba. Akasema, "Sir, nilimwambia dereva asioshe injini ili tuone, na awe akiwasha. Sijui kama aliwasha."

Meneja akanigeukia. "Koech, alikuambia hivyo?"

Hiyo swali ilikuwa na nafasi kubwa ndani yake. Ningesema ndiyo, ingeisha hapo. Ningegombezwa kidogo, basi. Lakini niliona watu wote wananiangalia, na niliona injini yangu, na nikasema, "Hapana, sir. Hajawahi."

Ningenyamaza hapo ingekuwa uongo tu. Mimi nikaongeza, na hakuna mtu alikuwa ameniuliza: "Hiyo gesi haikuingia kwa gari. Hiyo ilishuka chini. Uliza watu wa huko chini."

Watu wakacheka. Mmoja akasema, "Imeenda kupoesha samaki." Wakacheka zaidi, na mimi nikacheka na wao.

Huku kwetu ukisema watu wa chini hakuna mtu anauliza ni chini wapi: ni ziwani, ni kabila ya kina Ouma. Miaka si mingi imepita tangu watu wafukuzwe na nyumba zichomwe kwa sababu ya kabila, na ilianza na maneno kama hiyo, ya kuchekesha watu asubuhi. Mimi si mtoto. Nilijua ninaokota mawe gani.

Ouma hakubishana. Akasema, "Sawa, Baba Chebet." Akapanguza mikono yake polepole, kidole kwa kidole, akaenda.

Alisimamishwa kazi siku hiyo hiyo, akaambiwa asionekane ndani ya geti ya kiwanda. Halafu akaandikiwa barua. Jumamosi hii inayokuja atoke kwa nyumba ya kampuni na watu wake.

Mungu hajui kuchelewa. Wiki hiyo hiyo nilifungua rejeta ikiwa moto, ikanichoma mkono wa kulia mpaka ngozi ikatoka kama ya viazi imechemshwa. Kuendesha nilijikaza na bandeji, lakini kuosha injini sikuweza. Jumamosi tatu sikuosha. Na meneja alikuwa ameita fundi mwingine kutoka Kericho mjini, mtu wa ovaroli safi, akaweka gesi mpya, akapima, akasema iko sawa.

Alhamisi tulienda Kisumu. Kufika Ahero, upepo wa moto ndio unatoka kwa AC. Meneja akafungua dirisha. Halafu akasema bila kuniangalia, "Na huyu naye ni mtu wa chini?"

Niliendesha na masikio yakiwaka.

Jana mchana nikafungua boneti nikiwa peke yangu. Kwa boneti ndani, juu kabisa ya ile pulley, kulikuwa na mstari mweusi umechorwa kama mtu alitumia brashi. Mafuta na vumbi. Kompresa yenyewe kwa mbele imejaa uchafu mzito, kama kamasi ya mtoto imeshika mchanga. Mahali pengine pote ni vumbi kavu. Hapo tu ndio kuna mafuta. Kipofu angeona. Nikanusa huo uchafu, nikatoa fulana chini ya kiti nikainusa pia. Ni ile ile harufu. Ushahidi wa Ouma ulikuwa kwa fulana yangu siku zote, nikiukalia.

Sasa hii ndio naona haya kuandika.

Kitu ya kwanza nilifanya, niliilowesha hiyo fulana mafuta ya taa. Mkono wa kushoto ulikuwa umeshaikunja, umefika karibu na kompresa. Nilitaka kupanguza. Kama askari wa geti hangepita saa hiyo na kunisalimia, sijui. Hapana, najua. Ningepanguza. Nilifunga boneti kwa sababu mtu alinisalimia, si kwa sababu mimi ni mtu mzuri.

Na leo kanisani nikasimama kutoa ushuhuda. Ati namshukuru Mungu mkono umepona. Nikauinua waone. Wakapiga makofi. Nilikaa chini nikijisikia kama choo imefunikwa na maua.

Kurudi nyumbani, kwa barabara ya kiwanda, nikakutana na mke wa Ouma, Mama Akinyi. Amebeba maboksi ya duka kichwani, yamekunjwa na kufungwa na kamba. Ni ya kupakia vyombo. Nilitaka kuingilia kwa majani chai nijifiche, mtu mzima wa miaka yangu. Yeye akanisalimia kwa Kikipsigis, tena vizuri kuliko watoto wangu.

"Chamge, Baba Chebet. Mkono imepona?"

"Imepona, mama."

"Mungu ni mwema," akasema, akapita. Hakutupa hata neno moja ya uchungu. Afadhali angenitemea mate.

Nikafika nyumbani nikamwambia Mama Chebet yote. Alikuwa anasugua kibuyu ya maziwa ndani na kijiti chenye moto, ishike moshi, hakuacha kusugua. Nikamwambia nimepanga jioni niende kwa Ouma na kuku na sukari, tukae wawili tu jikoni, nimwombe msamaha kama ndugu. Niliona hiyo ni nzuri sana. Nilikuwa hata nimechagua kuku.

Akamwaga majivu kwa kiganja, akaniangalia.

"Kwa hivyo matusi ilipita mlango wa mbele, msamaha nayo inapitia nyuma ya choo?"

Nikavuta kiti nikakaa.

"Ulimtukana gereji, si jikoni. Akikula hiyo kuku yako, barua itafutika?"

Nikamwambia wanaweza kunifuta kazi, na nyumba hii pia ni ya kampuni. Miaka kumi na moja. Na mimi nikifutwa sasa, nani ataajiri dereva mwongo?

"Tuko na shamba yetu ya chai huko Boito na ng'ombe wawili," akasema. "Utachuna chai kama watu wengine. Ouma ataenda kuchuna nini?" Akarudi kusugua.

Nimekaa na hiyo maneno tangu saa tisa. Nimetafuta njia ya kutokea, kama Ouma akitafuta gesi, na kila mahali naweka povu naona imezibwa. Ningeweza kumwambia meneja ndani ya gari, wawili tu. Ningeweza kusema nimegundua raba ya kompresa imeharibika, nisitaje ile siku. Gari ingetengenezwa, pengine hata Ouma angerudishwa, na mimi ningebaki na sifa yangu, ati Koech ana macho. Hiyo ndiyo inanichukiza zaidi. Akili yangu, hata ikitubu, inatafuta kitambaa.

Hapana.

Meneja amesafiri Nairobi, anarudi kesho jioni. Kesho mchana nitapita kwa nyumba ya Ouma. Sitaingia ndani na sitabeba kuku. Nitasimama mlangoni nimwambie kitu moja tu: Jumanne saa moja asubuhi kuja gereji, mimi mwenyewe nitaongea na askari wa geti akuingize. Akinifungia mlango, nitasemea nje. Watoto wake wasikie pia.

Jumanne saa moja, wakati wa kuitwa majina, kabla mtu yeyote hajaenda kazi, nitaleta gari katikati nifungue boneti. Nitaweka hii fulana juu ya madigadi ya gari. Nitasema: Sir, Ouma aliniambia nisioshe na aliniambia niwashe. Nilisema hajawahi kuniambia, nilidanganya. Gesi haikushuka chini, ilitokea hapa, na mafuta yake nilikuwa nayo mimi. Na ile neno ya watu wa chini niliisema mimi, naiondoa mbele ya wale walicheka. Halafu nitamwomba meneja ile barua irudi kabla ya Jumamosi, na kama lazima mtu atoke kwa nyumba ya kampuni Jumamosi, basi maboksi yaletwe kwangu.

Naogopa.

Kesho kutwa, saa moja. Injini sitaosha.