Kipande cha Kaka Elimringi

DeSoto, 3 Juni 2003

Shikamoo kaka Elimringi,

Ulifika Houston salama? Mgongo haukukusumbua kwa kuendesha mwendo wote ule? Sisi wazima, ila mimi nina hasira, na unavyonijua, mdomoni hazitoki. Ndiyo maana naandika.

Keki ya mahafali yangu uliioka wewe. Jumamosi ukumbi mzima umeila. Nimelisha watu thelathini kwa mkono wangu, hadi mzee Wilbroad ambaye hata simjui, kwa sababu MC aliwaita. Wewe, mtoto wa kwanza wa nyumba hii, hukuitwa. Ulisimama pale kwenye meza ya juisi ukiwapigia makofi! Nilimsikia shangazi Celestine akimwambia mama, "Keki yake tamu, yeye ndiye aibu. Mwanamume anayeishi na mwanamume, alishwe mbele ya mchungaji?" Mama akaendelea kupanga sahani. Na mimi niliyekuwa na kipaza sauti nikasema "asanteni," nikakaa. Nilipokutafuta, gari lako halikuwepo.

Mdogo wako,
Abigail

Houston, 12 Juni 2003

Marahaba Abi,

Mgongo mzima. Majaliwa wangu anakusalimu. Analalamika kwamba keki yote ilienda DeSoto, yeye akabaki kulamba bakuli.

Usigombane na mama. Mwaka 1996, alipojua nilivyo, alitenga kikombe changu, akawa anakisugua kwa jiki. Safari hii kanipa chai kwenye kikombe cha wageni. Tunasogea. Wewe bado unakaa kwao, nyamaza tu.

Kaka yako,
Eli

DeSoto, 30 Juni 2003

Shikamoo kaka,

Hamjambo wewe na Majaliwa? Huku afya tunazo.

Nimeshindwa kunyamaza. Miaka saba, kutoka kikombe kimoja hadi kingine! Huko ndiko kusogea?

Alhamisi televisheni ilitangaza kwamba mahakama ya juu kabisa imefuta ile sheria ya Texas ya kuwakamata watu kama ninyi. Kumbe mpaka Jumatano kuishi kwenu kulikuwa kosa, na hukuniambia! Mama akauliza, "Kwa hiyo polisi hawatamchukua tena?" Kumbe miaka yote alikuwa anaogopa hilo. Shangazi akadakia, "Kanisa halijafuta kitu."

Sijui sauti ilitoka wapi. Nikasema, "Shangazi, ulikula vipande vitatu."

Baba akazima televisheni. Shangazi akachukua mkoba wake.

Jana natafuta barafu, nikakuta kwenye friza kipande cha keki ndani ya foili, jina lako juu kwa mwandiko wa mama. Alikitenga siku ileile ya mahafali. Ungedhani ningefurahi. Nilimwambia, "Mama, kipande kilichofichwa nyuma ya samaki hakijamlisha mtu." Akalia. Akasema, "Basi kipeleke wewe. Mimi bado naogopa watu."

Nakuja na basi Jumamosi. Mwambie Majaliwa avae shati zuri, na uwaite majirani wanaofua nguo hapo chini. Safari hii MC ni mimi, na jina la kwanza ni lako.

Mdogo wako,
Abigail