Lori la Bluu na Mabati ya Bashay

Dada Yulita, lori limewaka. Limewaka asubuhi hii na linanguruma hapa nje ninapoandika, nimemkataza Daniel asilizime. Analalamika mafuta yanaisha. Yaishe. Mabati yanakuja.

Sasa shikamoo. Nimeanza na lori kabla ya salamu, ungekuwa wewe ungefanya hivyo hivyo. Mguu unaendeleaje? Ng'ombe ameshazaa? Sisi huku Gitting tu wazima, ila moyo wangu umechoka. Simu yako haipatikani, kwa hiyo barua hii nampa kondakta wa basi la Haydom aifikishe dukani kwa shemeji.

Uliponitumia habari kwamba kona ya jikoni ya nyumba yangu hapo Bashay imeanza kumeguka kwa mvua, chakula kilinishinda. Nyumba ya tofali mbichi isiyo na paa ni udongo unaosubiri kurudi shambani. Nimelima shamba la kukodi huku miaka yote, viazi na ngano, ili kuta zile zisimame. Leo ziyeyuke, na mabati ninayo, yameegemea ukuta wa mwenye nyumba wangu?

Na lori lipo. La mwanangu mwenyewe, si la kuazima. Niambie katika ukoo wetu ni nani mwingine mtoto wake ana lori. Ni la zamani, ndiyo, lilianza kutembea mimi sijaolewa, lakini ni lake. Nikasema haliwezi kufika Bashay na kutu, watu waseme Mama Daniel alikwenda Hanang kuokota chuma chakavu. Nikaagiza lipakwe rangi ya bluu, juu mpaka chini, hata chesisi, ile fremu ya chuma ya chini. Liling'aa, dada. Watu walikuwa wanasimama kulitazama.

Siku ya kupakia mabati, Daniel akawasha. Ta. Basi, hapo hapo. Taa zikafifia kama kibatari. Mafundi wakasema betri. Ikapelekwa kuchajiwa, ikarudi, ta. Wakasema stata. Ikafunguliwa, ikasafishwa, ikarudishwa, ta. Na kila wakijaribu, Mama Rehema mwenye duka la nguo anavuka barabara na kikombe chake cha chai.

"Mama Daniel, gari limependeza hivi, arusi lini?"

"Wewe andaa kanga mpya, kadi itakufikia."

Nilimjibu hivyo, lakini iliniuma.

Mwisho fundi wa umeme akaingia uvunguni, akatoka na mkanda wa ethi. Ni mkanda uliosukwa kwa nyuzi za shaba, unaunganisha injini na chesisi ili umeme upate njia ya kurudi kwenye betri. Ulikuwa umeota kijani. Akaukunja, ukakatika mkononi kama ganda la haragwe. Ipo miwili, na wa pili hivyo hivyo. Nikasema haya, ugonjwa umeonekana. Daniel akaenda Katesh akaleta mipya, fundi akafunga, akakaza, akajipangusa mikono. Daniel akawasha.

Ta.

Dada, nilikaa chini kwenye jiwe. Wingu lilikuwa limetanda huko upande wenu. Daniel akalala chini ya lori, kisha akaniita kwa upole, nikajua kuna jambo.

"Mama, mikanda imefungwa juu ya rangi. Umeme haupiti kwenye rangi. Inabidi tukwangue mpaka chuma kionekane."

"Mkwangue rangi yangu mpya?"

"Pale inapofungwa tu."

"Kwani huyu fundi hakuiona rangi?"

Fundi akajibu akiwa nyuma ya gurudumu, "Niliiona, mama. Ila ulisema atakayeikwaruza utakula naye sahani moja."

Nilisema, ndiyo, lakini niliwasemea watoto wa barabarani. Fundi mzima anaogopa nini?

Daniel akanitazama. "Mama, unataka lori la kutazama au la kubeba mabati?"

Huyo ndiye niliyemzaa, neno moja linatosha. Nikamnyang'anya fundi msasa, nikajifunga kanga, nikaingia uvunguni mwenyewe. Kama rangi ni ya kutolewa, itatolewa na mwenye rangi. Nilisugua mpaka chuma kikawa cheupe. Wakafunga upya, wakapaka grisi kutu isirudi. Daniel akawasha. Injini ikakohoa mara moja, ikashika, na Mama Rehema akajimwagia chai.

Tunapakia kesho. Mpaka tufike, funika ile kona kwa turubai. Msalimie mama mkwe wangu, mwambie chumba chake ndicho kitakachoezekwa kwanza. Shemeji aweke misumari ya bati, asiuze yote. Mjomba anayejua kupaua asiahidi kwingine. Wanao wakusanye kuni, mchele nakuja nao.

Lori mtaliona kwa rangi kabla hamjalisikia. Lisifieni mkiwa mmesimama, mtu asiiname kuchungulia uvunguni.

Mimi mdogo wako, mama yake mwenye lori,
Mama Daniel.

Majirani wote waambie, mwenye nyundo na asiye na nyundo: tunaezeka Jumamosi.